Gego la juu linauma, au ni sainasi?

Mama mmoja aliingia kliniki yetu ya kinywa na meno ameshika shavu la kulia. Hakusubiri hata kukaa. "Daktari, ling'oe tu, nimechoka."

Nikamuuliza, lipi mama? Akaweka kidole kwenye gego moja la juu, akakihamishia kwenye la pili, kisha la tatu. Hakuweza kuchagua. Nikayagonga moja moja kwa mpini wa kioo cha kupimia. Yote yaliuma, na kwa kiasi kilekile. Hakukuwa na jino lililotoboka wala ufizi uliovimba. Nikamwomba ainame kama anayefagia uwanja. Pale pale maumivu yakamjaa shavu zima hadi chini ya jicho. Nilipomuuliza zaidi, akasema ndiyo kwanza anatoka kwenye mafua mazito ya wiki nzima.

Meno yake yalikuwa mazima. Kilichokuwa kinamuumiza ni sainasi, na laiti tungemsikiliza bila kumpima angeondoka na pengo kinywani huku maumivu yakiwa palepale.

Kila upande wa pua, ndani ya mfupa wa taya la juu, kuna chumba chenye hewa. Hiyo ndiyo sainasi ya shavu, kubwa kuliko sainasi nyingine zote za uso. Kwa mtu mzima hubeba takriban mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Mtoto huzaliwa nacho kikiwa kidogo mno, nacho huendelea kupanuka kadiri taya linavyokua. Mtoto akifika kama miaka 12, sakafu ya chumba hicho huwa imelingana na sakafu ya pua, na magego ya ukubwani yakishaota hushuka chini zaidi. Hapo ndipo hukutana na mizizi.

Mfupa unaotenganisha mizizi na chumba hiki hautoshani kwa watu wote. Kuna mwenye mfupa wa milimita kadhaa. Kuna ambaye mfupa wake ni mwembamba kama ganda la yai, na kuna ambaye hana mfupa kabisa mahali fulani, ncha ya mzizi imefunikwa na utando laini tu. Mara nyingi mizizi iliyo karibu zaidi ni ya gego la pili, ikifuatiwa na ya gego la kwanza. Meno ya mbele kwa kawaida yako mbali. Tena, neva zinazohudumia magego ya juu ndizo hizohizo zinazopeleka matawi kwenye utando wa sainasi, kwa hiyo ubongo hupokea taarifa ya maumivu bila kujua imetoka chumba kipi.

Tundu la kutolea kamasi kwenye sainasi hii liko juu, karibu na dari. Fikiria tanki ambalo bomba lake la kutolea maji limefungwa juu badala ya chini. Kamasi hupandishwa na vijinywele visivyoonekana kwa macho vinavyofagia usiku na mchana. Mafua yakikushika, utando huvimba, tundu huziba, na kamasi hutuama juu ya mizizi ya magego.

Njia hii hupitika pande zote mbili, na upande wa pili ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu wagonjwa huteseka nao muda mrefu. Gego likioza hadi kiini chake kife, usaha unaokusanyika kwenye ncha ya mzizi hutafuta njia, na iliyo karibu ni kwenye sainasi. Mgonjwa hutoa kamasi lenye harufu mbaya kwenye tundu moja tu la pua. Hupewa antibayotiki, hupata nafuu, kisha hali hurudi. Jino lenyewe huenda haliumi kabisa, maana kiini kimeshakufa. Ukiwa na ugonjwa wa sainasi wa upande mmoja, unaonuka na kujirudia, mwombe daktari apige picha ya magego ya juu ya upande huo. Picha ndogo ya kawaida wakati mwingine haitoshi, ndipo huhitajika CT, yaani eksirei inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka. Na hapo dawa pekee hazitamaliza kazi: jino litibiwe mzizi au ling'olewe.

Ujirani huu haukujulikana jana. Daktari Mwingereza Nathaniel Highmore, ambaye sainasi hii ilibeba jina lake kwa karne nyingi, aliandika mwaka 1651 habari za mwanamke aliyeng'olewa chonge la juu, na shimo likafunguka moja kwa moja hadi ndani ya chumba hicho. Mwanamke alipochomeka unyoya ukazama bila kugota, akaingiwa na hofu kubwa.

Hofu hiyo bado tunaikuta. Mtu anang'olewa gego la juu, jioni anasukutua maji, yanatokea puani. Ikikupata, usifadhaike, lakini rudi kwa aliyekung'oa mapema, ikiwezekana kesho yake. Shimo lisilozidi milimita 2 kwa kawaida hujifunga lenyewe iwapo damu iliyoganda itabaki mahali pake. Kubwa zaidi huenda likahitaji kushonwa. Likiachwa wiki kadhaa hugeuka mfereji wa kudumu, na kuufunga kunataka upasuaji.

Kwa muda wa wiki mbili hivi, usipenge kamasi. Lifute tu linapotoka. Chafya ikija, iache itoke mdomo ukiwa wazi. Usinywe kwa mrija, usivute sigara, usipulize puto wala filimbi. Na nakuomba sana, usijaribu kuziba pua na kupuliza ili uone kama pamepona, kwani pumzi hiyo moja inaweza kuling'oa donge la damu lililokuwa likifunga shimo.

Yule mama alipewa dawa za kutuliza maumivu na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Aliporudi baada ya siku kumi nikayagonga tena magego yote matatu. Hakuna lililouma.