B1 haipatikani kwa wiki sita: neno kwa wanaojiandaa na mtihani wa Kijerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, simu ya dawati letu la lugha na mitihani hainyamazi. Wachache wanauliza namna ya kujifunza Kijerumani. Wengi wanauliza cheti kinatoka lini. Wapo waliokwisha kumlipa ajenti aliyewaahidi B1, ngazi ya tatu kati ya sita za lugha kuanzia A1 hadi C2, ndani ya wiki sita, na sasa wanataka sisi tuitimize ahadi hiyo.

Tuanze na hesabu. Kwa makadirio ya Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha na kutoa mtihani huu, anayeanza sufuri huhitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45 kufika B1. Ukihudhuria vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, aliye mwepesi atachukua takriban wiki 18, na mwingine wiki 33. B2, ambayo muuguzi huombwa kwa kawaida kabla shahada yake haijatambuliwa kikamilifu kule, ni vipindi 600 hadi 800. Wiki sita ni vipindi 120. Hivyo vinakufikisha A1, kiwango cha mke au mume anayemfuata mwenzake, au cha kijana anayekwenda kulea watoto kama au pair. Kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, kinachotakiwa kwa kawaida ni B1. Hapa niseme wazi kwamba hatutoi ushauri wa viza. Masharti hutofautiana kati ya njia moja na nyingine, na mengine kati ya jimbo na jimbo. Mwenye neno la mwisho ni ubalozi pamoja na mamlaka ya jimbo husika.

Moduli, yaani sehemu ya mtihani, inayoangusha wengi mbele ya macho yetu ni ya kusikiliza, na sababu yake haina siri: watu hujifunza Kijerumani kwa macho. Wanakariri karatasi za zamani wanazouziwa kwenye vikundi vya WhatsApp, wanazijua hadi mahali alama ya mkato ilipo, halafu sauti inawapita. Chukua namba tu. Kiswahili kinaanza na kumi: themanini na saba. Mjerumani anaanza na mamoja: siebenundachtzig, saba na themanini. Mwanafunzi anasikia sieben, mkono unaandika 7 papo hapo, kisha inakuja achtzig, anaandika 8. Anatoka na 78. Namba ya simu ikitajwa kwa jozi, kosa hilo linajirudia mara nne na namba nzima imeharibika, ilhali kila neno alilijua.

Saa ndiyo balaa zaidi. Halb neun si saa tisa na nusu, wala si nusu baada ya tisa. Mjerumani anamaanisha nusu ya njia kuelekea tisa, yaani 8.30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu. Mwanafunzi wa Nairobi huipitisha kwanza kwenye Kiingereza, kisha kwenye saa ya Kiswahili, na akimaliza safari hiyo treni imeshaondoka na swali la pili limeanza. Dawa ni kuacha kutafsiri. Chora uso wa saa kwenye karatasi, mtu akutajie saa kwa Kijerumani, nawe uweke mshale bila kufungua mdomo. Dakika kumi kila jioni kwa wiki mbili zinatosha. Namba vilevile: mwenzako asome namba za simu ishirini kwa kasi ya kawaida, wewe uandike. Jizoeze kuacha nafasi ya makumi wazi na kuandika mamoja kwanza upande wa kulia. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini wanaoufanya hatuwaoni tena dirishani wakilalamika.

Kuhusu der, die na das, vijineno vinavyotangulia nomino za kiume, za kike na zisizo na jinsia, naomba tuelewane. Kila wiki mtu hutuambia kwamba Kijerumani hakina mantiki kwa sababu das Mädchen, msichana, hana jinsia. Huyo anayelalamika anazungumza lugha yenye ngeli zaidi ya kumi, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini mti ni miti na kiti ni viti. Alijifunza neno likiwa na wingi wake mdomoni, akapatanisha, yakaisha. Tena sisi ndio tunaosema kijana anakuja, ilhali umbo la neno linadai kinakuja. Basi fanya kama ulivyofanya utotoni. Usiandike kamwe Tisch peke yake. Andika der Tisch, die Tische, ulitamke lote kama neno moja, halafu litie kwenye sentensi inayohusu meza ya nyumbani kwenu.

Maneno yenyewe hukaa kwa kurudiwa kila baada ya muda. Jambo hili si geni. Hermann Ebbinghaus alilionyesha mwaka 1885 kwa kujipima yeye mwenyewe: tunachojifunza huvuja haraka sana mwanzoni, na kila tukikikumbuka upya kinavuja polepole zaidi. Kata kadi za manila, Kijerumani mbele na picha au Kiswahili nyuma. Pitia kadi leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Kadi uliyoikosa irudi mwanzo. Muhimu ujilazimishe kukumbuka kabla ya kugeuza kadi. Kusoma orodha mara kumi huku ukiitikia kwa kichwa ni kujidanganya, na ndicho wanachofanya wengi ndani ya matatu.

Matamshi hayatutesi sana, kwa kuwa irabu zetu ziko safi. Kwa ü, sema i huku midomo imejikusanya kama unataka kusema u. Kwa ö, sema e kwa midomo ya o. Ile ch ya Buch watu wa Pwani wanayo tayari kwenye kheri na Khamis. Ya ich ni nyepesi zaidi, karibu na hy. Na kwa anayesema lugha hii ni ya mbali, shule ni Schule, na hela ni Heller, sarafu iliyoanza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904.

Sentensi zenye weil, yaani kwa sababu, zinataka mazoezi ya mdomo, kwa maana kitenzi hukimbilia mwisho: weil ich morgen arbeiten muss, kwa sababu kesho lazima nifanye kazi. Kila usiku sema sababu tano za mambo uliyofanya mchana, kwa sauti, ujirekodi kwenye simu. Deutsche Welle ina masomo ya bure pamoja na habari zinazosomwa polepole. Chagua dakika mbili tu, sikiliza, kisha sema sambamba na msomaji mpaka pumzi zenu zilingane.

Sasa utaratibu, ambao watu hawausomi kisha wanatulaumu. B1 ina moduli nne: kusoma dakika 65, kusikiliza kama dakika 40, kuandika dakika 60, na kuzungumza kama dakika 15, kwa kawaida wawili wawili, baada ya dakika 15 za kujiandaa. Kila moduli ina alama 100 na unapita kwa 60. Uliyoanguka unairudia peke yake. Huna haja ya kuanza upya zote. Katika kusikiliza, sehemu ya kwanza na ya nne husikika mara mbili, ya pili na ya tatu mara moja tu. Hakuna msimamizi atakayerudisha sauti nyuma, hata ukilia.

Rufaa hupelekwa kwa maandishi kwenye kituo ulikofanyia mtihani, ndani ya wiki mbili tangu matokeo yatolewe, ikiwa na sababu. Kusema kwamba alama hazikutosha si sababu. Kanuni zenyewe zinatamka hivyo. Wala si sababu kwamba umeshakopa nauli. Unaweza kuomba kuiona karatasi yako, na tunakushauri uanzie hapo.

Simu hairuhusiwi ndani ya chumba cha mtihani. Anayetolewa kwa udanganyifu hawezi kurudia mtihani kabla ya miezi mitatu kupita. Anayemtuma mwenzake amfanyie hukabiliwa na adhabu kubwa zaidi. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 349, kinatoa hadi miaka mitatu jela kwa aliyeghushi, na kifungu cha 353 kinampa adhabu hiyohiyo aliyekitumia akijua ni bandia. Kwa hiyo ndugu yangu, kujitetea kwamba "alinitengenezea ajenti" hakukuokoi kama ulijua. Sheria ya ukaaji ya Ujerumani nayo, kifungu cha 95, inatoa faini au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa aliyetoa taarifa za uongo ili apate kibali. Na hata karatasi ikipita, kwenye mahojiano utaulizwa kwa Kijerumani unaishi wapi na unafanya kazi gani.

Siku ya mtihani njoo na kitambulisho halisi, si picha yake kwenye simu. Barua ya wito ikisema 8.30, ni saa mbili na nusu asubuhi, halb neun, na kuchelewa hakufidiwi. Safari iliyopita mtahiniwa mmoja alifika saa tatu na nusu, barua mkononi, akasisitiza kwamba neun ni tisa.