Maana ya mzingiro: mfano wa mji wa Carlisle, 1315

Mzingiro ni mbinu ya kivita ambapo jeshi huuzunguka mji au ngome yenye kuta, likafunga njia za kuingia na kutoka, kisha likangoja au likashambulia hadi waliomo wasalimu amri. Watu wengi huuchanganya na shambulio, ilhali shambulio ni la saa chache na laweza kuwa sehemu tu ya mzingiro, ambao huchukua siku au miezi na huhitaji chakula, maseremala na, jambo linalosahauliwa mara nyingi, ardhi inayopitika.

Kwa hilo la ardhi, hakuna mfano ulio wazi kama Carlisle, mji wa kaskazini mwa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Uskoti. Mfalme Robert Bruce wa Uskoti aliuzingira tarehe 22 Julai 1315, mwaka mmoja baada ya kuwashinda Waingereza huko Bannockburn. Watu wake walikuwa hodari wa kuteka ngome kwa kuvizia usiku na kupanda ngazi, lakini walinzi wa Carlisle, chini ya Andrew Harclay, walikuwa macho. Ikabidi itumike mitambo, na hapo ndipo Waskoti walipopwaya: walikuwa na mtambo mmoja wa kurushia mawe, na ndani ya kuta mlikuwa na saba au minane. Mwandishi wa kumbukumbu wa zama hizo anasema mawe ya Waskoti yalimuua mtu mmoja tu.

Wakajenga pia mnara wa mbao wenye magurudumu, uliopita kimo cha ukuta. Maseremala wa mjini walipouona, wakasimamisha mnara wao juu ya ukuta, mrefu zaidi, wakaungoja ule wa adui. Haukufika. Mwaka ule mvua zilinyesha kupita kiasi, zikaharibu mavuno na kuleta njaa kubwa kaskazini mwa Ulaya. Nje ya Carlisle ardhi ilikuwa tope tupu, na mnara ukanasa kwa uzito wake wenyewe. Madaraja ya magogo yaliyotengenezwa kuvukia handaki la nje ya ukuta nayo yakazama.

Siku ya tisa Bruce alielekeza nguvu upande wa mashariki ili kuwavuta walinzi, huku kamanda wake James Douglas akipandisha ngazi magharibi, penye ukuta wa kwenda juu sana usiotarajiwa kushambuliwa. Wakaangushwa pamoja na ngazi zao. Tarehe 1 Agosti Waskoti waliondoka, wakaiacha mitambo pale pale.