Carmen Sandiego Peke Yake Hafundishi Jiografia

Wazazi waliokulia mbele ya kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 hunijia na maneno yaleyale: "Mwalimu, mimi jiografia yangu yote niliipata kwa Carmen Sandiego." Kisha wananieleza kwamba wameupata tena mchezo ule wa kompyuta wa kumsaka mwizi duniani, wamemfungulia mtoto, na sasa wanangoja mtoto aijue dunia. Muda si mrefu wanarudi na malalamiko: mtoto amemaliza kesi chungu nzima, lakini ukimpa ramani hajui Mali iko upande gani. Naupenda mchezo huu na bado nautumia na wanafunzi wangu. Kinachoniudhi ni sifa unazopewa kwa kazi ambayo haukuifanya.

"Mchezo wenyewe ndio ulionifundisha"

Kati ya kauli ninazozisikia kuhusu mchezo huu, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo hapa nitakaa.

Kumbuka ule mchezo wa awali, Where in the World Is Carmen Sandiego?, uliotolewa na kampuni ya Brøderbund mwaka 1985. Jambazi wa genge la V.I.L.E. ameiba kitu cha thamani, nawe mpelelezi unamfuata mji kwa mji. Kila unapofika, una sehemu tatu za kuulizia habari: labda benki, maktaba, soko. Shahidi anakwambia mshukiwa alibadilisha fedha zake akachukua forinti, au alipanda ndege yenye bendera ya rangi fulani. Basi. Hapo mchezo unanyamaza. Haukwambii forinti ni fedha ya nchi gani. Haukuonyeshi Hungaria imepakana na nani. Unangoja tu uchague pa kwenda. Ukikosea unatua mahali ambapo hakuna aliyemwona mtu wako, saa zimekwenda bure, na ikifika Jumapili saa kumi na moja jioni kesi imekufa.

Sasa jibu ulikuwa unalitoa wapi? Ndani ya boksi, pamoja na diski, mlikuwa na kitabu kinene: The World Almanac and Book of Facts. Mtoto asiyeijua forinti alikifungua, akapekua kurasa za nchi, na kabla hajaifikia Hungaria alikuwa ameshapitia nchi nyingine kadhaa, idadi ya watu wao, lugha zao na fedha zao. Kujifunza kulifanyika pale, kwenye kurasa. Mchezo ulimpa sababu ya kufungua kitabu, na saa iliyokuwa inakimbia ikamfanya alitake jibu kweli. Hiyo si kazi ndogo, walimu wengi tungelipa kuipata. Lakini ni kazi ya kuuliza, na anayeuliza bila mahali pa kutafuta majibu hafundishi mtu.

Mtoto wa leo amepewa swali bila kitabu. Anacheza kwenye emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani, na haraka sana anagundua njia za mkato. Anabahatisha, kwa sababu kila mji unakupa miji michache tu ya kwenda. Akikosea anarudi, anajaribu mwingine. Au anakariri forinti na Budapest, mji mkuu wa Hungaria: forinti, Budapest, forinti, Budapest. Mchezo wa mwaka 1985 una miji 30 tu na vidokezo vinajirudia, kwa hiyo baada ya muda anamaliza kesi bila kufikiri chochote. Muulize Budapest iko mashariki au magharibi ya Paris, atakutazama tu. Ameunganisha neno na neno, mahali hapajui. Na akiwa na simu pembeni, mambo yanaharibika zaidi: anaandika neno la shahidi, jibu linamjia kavu, bila nchi jirani, bila chochote alichokiona njiani.

Kwa hiyo mimi nashikilia utaratibu mmoja na sitaki mjadala juu yake. Atlasi ya karatasi iwe mezani kabla kompyuta haijawashwa. Simu iwe chumba kingine. Kabla ya kubonyeza, mtoto aseme kwa kinywa ni mji gani na aweke kidole kwenye ramani. Kama hajui, aende kwenye faharasa ya atlasi atafute mwenyewe, na mzazi azuie ulimi wake. Wakicheza wawili ni bora zaidi: mmoja ashike atlasi, mwingine kibodi, kesi ikiisha wabadilishane. Mwisho wa kesi, wachore safari nzima ya mwizi kwenye ramani tupu bila kuchungulia. Hatua hii ya mwisho ndiyo wazazi wanaoiruka, na ndiyo inayoleta tofauti, maana kukumbuka bila kuangalia hukaa kichwani kuliko kusoma tena na tena. Kama hamna nafasi ya kufanya hayo, mwacheni mtoto acheze afurahi, na msimdai alama za mtihani.

"Jiografia haibadiliki, kwa hiyo majibu ni yaleyale"

Milima haijahama, ni kweli. Lakini mchezo huu hauulizi milima sana. Unauliza bendera na fedha, vitu ambavyo serikali hubadilisha. Mwaka 1985 Paris ilikuwa faranga, Roma lira, Athens drakma. Tangu Januari 2002 zote tatu zinatumia noti na sarafu za yuro. Moscow ulikuwa mji mkuu wa Muungano wa Kisovyeti, uliovunjika Desemba 1991. Brazil ilibadilisha fedha zaidi ya mara moja kabla ya kufikia real mwaka 1994. Kigali imo kwenye mchezo, na Rwanda wakati ule ilipeperusha bendera nyekundu, njano na kijani yenye herufi R. Ya sasa, ya bluu, njano na kijani yenye jua, ilianza mwaka 2001. Moroni imo pia, na Komoro imebadilisha bendera mara kadhaa tangu hapo.

Wengine wakisikia haya hukimbilia upande wa pili na kusema mchezo umeoza, utupwe. Hapana. Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, kila dokezo lililopitwa na wakati ni somo lililokwisha kuandaliwa. Mwulize: hii ilikuwa kweli lini, na nini kilitokea? Toka kwenye drakma uende kwenye Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo jiografia inapoanza kuwa na uhai. Kwa mtoto mdogo kuliko huyo, mpe toleo jipya.

"Miji ile ni miji mikuu"

Siyo yote. Mchezo una Sydney, Rio de Janeiro, Istanbul, Montreal na New York. Miji mikuu ya nchi hizo ni Canberra, Brasília, Ankara, Ottawa na Washington. Nimewasikia watu wazima, wenye shahada, wakiapa kwamba Sydney ndio mji mkuu wa Australia, na nikiwauliza walilipata wapi, wananitajia mchezo. Mchezo haukusema hivyo kamwe. Waliona jina la mji kando ya jina la nchi, wakajazia wenyewe.

"Kila kesi unamfukuza Carmen"

Carmen, kiongozi wa genge la V.I.L.E., ni mmoja kati ya washukiwa kumi, na mara nyingi unayemfuata ni mtu wake. Tena kumfikia hakutoshi: bila hati ya kukamata yenye jina sahihi, anaondoka mbele ya macho yako.

"Ni wa zamani, basi ni wa bure"

Umri haufuti hakimiliki. Programu ya mwaka 1985 bado inalindwa, hata kama haiuzwi dukani. Kama una diski zako halisi za flopi, una jambo la haraka zaidi la kushughulikia: usumaku wake hufifia na ukungu huingia, hata zikiwa ndani ya boksi lake safi kabatini. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kuzisoma azinakili sasa, wakati bado zinasomeka, na umwambie asizisafishe kwa kitambaa kikavu.