Shokapu za pikipiki kubwa ya mtumba: toa futi kamba kabla ya pochi

Muuzaji wa pikipiki kubwa ya safari iliyotumika atakuwashia injini uisikie ikinguruma, atakuonyesha tairi jipya na mabegi ya pembeni. Kuhusu shokapu hasemi kitu, na mnunuzi naye haulizi. Anakuja kuzikumbuka siku anayoshuka mlima Kitonga akiwa na abiria nyuma. Kila akikamata breki pua inazama, na kila tuta linautupa mkia juu. Akifika Ruaha Mbuyuni anapiga simu kuulizia bei ya shokapu mpya.

Sisi tunaofundisha ufundi wa pikipiki hapa Mbeya, mtu wa namna hiyo tunamwambia arudishe pochi mfukoni kwanza. Mara nyingi anachokiita kuboresha ni kurudisha tu kile ambacho pikipiki ilikuwa nacho ilipotoka kiwandani.

Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito, na mafuta yaliyomo ndani yanaizuia springi isiruke ovyo. Mafuta hayo huchakaa polepole, ndiyo maana mwenye pikipiki hagundui. Ya shokapu za mbele hushauriwa yabadilishwe kila baada ya kilomita 20,000 hivi au miaka miwili, lakini pikipiki nyingi za mtumba tunazofungua bado zina yale yale ya kiwandani, yamekuwa meusi na yananuka.

Kwa hiyo anza na ukaguzi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele likiwa hewani, kisha shika shokapu mbili za mbele kwa chini uzivute na kuzisukuma. Zikicheza, beringi za shingo (zile zinazobeba usukani) au bushi za ndani ya shokapu zimekwisha. Geuza usukani taratibu kulia na kushoto. Ukihisi kama unanasa katikati, beringi zimeliwa. Nyuma, tikisa gurudumu kwa ubavu, nalo lisicheze. Na upepo wa tairi upime pia, maana shokapu husingiziwa mengi ambayo ni ya tairi.

Ukiona mafuta kwenye bomba la shokapu ya mbele, sili, yaani mpira unaoyazuia yasitoke, imekufa. Hilo si la kusubiri mshahara, kwa sababu mafuta hayo hushuka hadi kwenye diski ya breki. Diski unaweza kuisafisha, lakini pedi zilizokwisha lowa zitupwe. Kuzichoma kwa moto ili zikauke ni mchezo wa hatari.

Sasa futi kamba. Kazi hii inataka watu wawili. Nyanyua gurudumu la nyuma lisiguse chini kabisa, upime kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye bodi juu yake. Tuseme umepata milimita 612. Shusha pikipiki, panda ukiwa na nguo zako za safari, mwenzako apime tena. Tuseme sasa ni 548, yaani imezama milimita 64. Kwenye Suzuki V-Strom 650 gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda na kushuka ya takriban milimita 160. Ina maana asilimia 40 ya nafasi hiyo umeshaila kabla hujatoka Mwanjelwa hapa mjini, na abiria hajapanda bado. Kinachotakiwa ni karibu theluthi moja, kwa mfano huu milimita 50 hivi.

Wengi hapa hukimbilia kukaza nati inayoibana springi ya nyuma. Kaza, lakini ujue unachofanya: kukaza hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kunainua pikipiki tu. Ukishapata zile 50, shuka, acha pikipiki isimame yenyewe, upime mara ya tatu. Inatakiwa izame kidogo kwa uzito wake, milimita 10 hadi 20. Ikiwa haizami hata kidogo, springi ni laini mno kwako na umeibana kupita kiasi. Ukipita shimo itagonga chini, na gurudumu likining'inia hewani halina pa kushukia. Ikizama sana, springi ni ngumu kuliko uzito wako. Kisha pandisha abiria na mizigo. Nati ikifika mwisho na pikipiki bado imelala, hapo ndipo springi nyingine inahitajika, na muuzaji umpe uzito halisi wa dereva, abiria na mabegi. Wapo wanaomtajia chapa tu, sijui wanategemea nini.

Mbele ni hivyo hivyo. Kipande cha bomba la plastiki kinachowekwa juu ya springi ndani ya shokapu hufanya kazi ile ile ya nati. Kukirefusha kunainua pua, ila kwenye mteremko mrefu pua itaendelea kuzama, maana springi haijabadilika. Ni huko kwenye miteremko ya Kitonga au ya kutoka Chunya kurudi Mbeya ambako springi laini za mbele huumbuka: breki husukuma uzito wote mbele, springi inalala, na ukikutana na shimo hapo hakuna nafasi iliyobaki ya kulimeza. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua springi za mbele zinazolingana na uzito wako pamoja na mafuta mapya.

Kuhusu mafuta, oili ya injini ya 20W-50 isiingie humo. Ni nzito, na asubuhi ya baridi ya Makete inageuza shokapu kuwa nondo. Fuata kitabu cha pikipiki. Nyingi hutumia mafuta mepesi ya shokapu, ya 5W au 10W. Pande zote mbili ziwe na kina sawa, kinachopimwa springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi chini. Kabla ya kufungua kifuniko cha juu, hakikisha pikipiki imeegemezwa vizuri, kwa sababu springi inaweza kukirusha usoni.

Shokapu ya nyuma ni habari nyingine. Nyingi zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu inayozidi tairi la gari mara kadhaa. Isitobolewe, isichomelewe, isipashwe moto. Kama hakuna fundi mwenye vifaa vya kuijaza upya, nunua nyingine yenye urefu ule ule. Shokapu ndefu ya pikipiki nyingine inanyanyua mkia na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi kwenye mwendo mkali; fupi inalaza pikipiki, na stendi ya pembeni inaweza kuibinua. Tena springi ngumu haiongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Fremu, breki na tairi ni zile zile.

Ukishafunga, kagua ulegevu wa cheni mtu akiwa amekaa juu, kisha elekeza taa upya usiku, kwani kimo cha pikipiki kikibadilika taa huwapiga madereva wa malori machoni. Skurubu za kurekebisha shokapu, kama zipo, zigeuze kliki mbili-mbili, skurubu moja kwa wakati, na uandike kwenye daftari. Baada ya kilomita 500 hivi rudia vipimo vyote, maana sili na bushi mpya zitakuwa zimelainika.