Bendera ya Taifa na maana ya mkanda wake wa mshazari

Bendera ya Taifa ni kitambaa chenye rangi na mpangilio uliowekwa kisheria ili kuitambulisha nchi mbele ya wananchi wake na mbele ya mataifa mengine. Kwa Tanzania, bendera hiyo inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Dodoma maana yake, atakujibu bila kusita: kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni watu, na bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo linaeleza rangi peke yake na kuuacha mpangilio, ambao kwa maoni yangu ndio unaobeba historia ya nchi hii kuliko rangi zenyewe.

Mshazari ni mstari ulioinama, usiosimama wima wala kulala. Katika bendera yetu, mkanda mweusi uliopakana na mistari miwili myembamba ya njano unaanzia pembe ya chini iliyo karibu na mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya upande unaopepea. Juu ya mkanda huo, upande wa mlingoti, kuna pembetatu ya kijani. Chini yake, upande unaopepea, kuna pembetatu ya bluu.

Ili kuelewa kwa nini ikawa hivyo, hatuna budi kurudi kwenye bendera mbili zilizoitangulia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilipandisha bendera yenye mistari ya mlalo: kijani juu, nyeusi katikati na kijani chini, huku njano nyembamba ikitenganisha kijani na nyeusi. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichozaliwa mwaka 1954 na kuongoza harakati za kudai uhuru. Kwa upande wa Zanzibar, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa utawala wa Sultani, na kabla mwezi huo haujaisha visiwa vikawa na bendera ya mlalo yenye bluu, nyeusi na kijani, rangi zilizotoka kwa chama cha Afro-Shirazi. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na bendera ya Muungano ikaanza kutumika tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Jina la Tanzania lilikuwa bado halijapatikana. Lilikuja tarehe 29 Oktoba. Kwa miezi minne, basi, nchi ilikuwa na bendera tunayoijua leo kabla ya kuwa na jina tunaloliita leo.

Ukizilinganisha bendera hizo mbili za zamani, utaona jambo ambalo wimbo wa rangi nne hauligusi. Kijani na nyeusi zilikuwamo katika zote mbili. Njano ilikuja na Tanganyika, bluu ikaja na Zanzibar. Kwa hiyo kila upande ulileta kitu chake, na vile walivyokuwa navyo kwa pamoja vikabaki mali ya wote. Isitoshe, laiti mistari ingeendelea kulala kama zamani, ingelazimu rangi ya mmoja ikae juu na ya mwenzake ikae chini kabisa. Mshazari umeliondoa tatizo hilo: kijani kimeshika mlingoti, bluu imeshika upande unaopepea, na nyeusi, yaani watu, inapita katikati ikigusa pande zote mbili. Ndivyo ninavyoisoma mimi, na kila ninapopita karibu na Bunge hapa Dodoma, ambamo wabunge wa Bara na wa Zanzibar huketi ukumbi mmoja, usomaji huo hunijia tena.

Mpangilio huo una gharama yake, na wanaoijua vizuri ni mafundi cherehani. Niliwahi kukaa na fundi mmoja mjini hapa akishona bendera ya sentimita 180 kwa 120, kwa kuwa urefu na upana lazima viwe kwa uwiano wa tatu kwa mbili. Mistari ya mlalo angeimaliza upesi, lakini kitambaa kikikatwa mshazari huvutika, na ukikivuta kidogo tu chini ya sindano, njano hupinda kama nyoka. Alipiga pini kila baada ya vidole vinne, akapitisha uzi wa mkono kwanza, ndipo akaketi kwenye mashine. Pindo la upande unaopepea alilishona mara tatu, akinieleza kuwa upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi huanza kuilia bendera pembeni, na pembe ya bluu ndiyo huchanika mapema.

Bluu hiyo watoto wa huku huiuliza sana, na wana haki ya kuuliza, maana mkoa huu ni mkavu, mvua ni za msimu mmoja, na bahari wengi wao hawajaiona. Mwalimu anaweza kuanzia karibu, kwenye bwawa la Hombolo au la Mtera, kisha akafika Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi, mradi asisahau kuwaambia kwamba rangi hiyo imeletwa na wenzetu wa visiwani. Zanzibar nayo, tangu Januari 2005, ina bendera yake ya bluu, nyeusi na kijani, na katika pembe yake ya juu, upande wa mlingoti, imewekwa bendera ya Muungano kwa umbo dogo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuipandisha bendera ya Taifa juu chini, hasa asubuhi na mapema kamba inapofungwa kwa haraka. Kulitambua ni rahisi, uwe umesimama upande wowote wa kitambaa: kijani kiguse mlingoti kwa juu, na mkanda mweusi uwe unapanda kadiri unavyouacha mlingoti. Ukiuona unashuka, bendera ishushwe taratibu, ifunguliwe na ifungwe upya.