Hamsini kwa Mia Si Thumni ya Ekari

Hapa Nakuru, kuanzia Kiamunyi hadi Njoro, ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumni ya ekari, yaani sehemu moja kati ya nane. Imezoeleka hivyo kwa miaka na miaka, nasi tunaojenga nyumba mbili tatu kwa mwaka tumeirudia bila kufikiri. Lakini si kweli.

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Igawe kwa 8, unapata 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Zile 445 zilizopungua zinatosha vyumba vitatu vya futi 10 kwa 12, na nafasi inabaki.

Anayeumia zaidi ni yule anayenunua ekari nzima akipanga kuuza ploti nane. Wanunuzi wanahitaji njia. Chukua ekari ya mraba, kila upande kama futi 209: barabara ya futi 20 tu ikipita katikati inakula takriban futi za mraba 4,180. Zinabaki 39,380, na ploti nane zinataka 40,000. Kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya saba, wakati mwingine sita, kabla sijatoa hata shilingi ya amana.

Kwenye hati miliki, tazama mstari wa ukubwa, unaoandikwa kwa hekta. Thumni kamili ni takriban 0.0506, hamsini kwa mia ni kama 0.0465. Kisha mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, nawe ushike ncha ya utepe mwenyewe.