Kitufe cha Eurythmics Hakipo

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja studio kwangu Sinza kuingiza vokali. Umeme ukakatika kabla hajafika hata kwenye maiki. Tukakaa nje kwenye benchi, na ili tusipoteze muda nikamwekea kwenye simu "Sweet Dreams (Are Made of This)" ya Eurythmics. Alisikiliza kama sekunde kumi hivi, akanirudishia hedfoni. "Anko, hawa si walibonyeza kitufe tu, mashine ikapiga yenyewe? Biti kama hii mimi natengeneza dakika tano."

Simlaumu yeye peke yake. Kauli hiyo nimeisikia kwa maprodyuza wenzangu, kwa wapiga gitaa wa dansi wanaoona kinanda cha umeme ni uvivu, na hata kwa mtangazaji mmoja wa redio. Nimenyamaza mara nyingi. Safari hii imenifika hapa, kwa hiyo naandika.

Kwanza albamu yenyewe. Eurythmics ni watu wawili: Annie Lennox wa Aberdeen, Uskochi, na Dave Stewart wa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Walikuwa wapenzi, walikuwa pamoja kwenye bendi ya The Tourists, bendi ikavunjika, mapenzi yakaisha, muziki wakabaki nao. Albamu yao ya kwanza, In the Garden ya 1981, walirekodi Ujerumani na Conny Plank, prodyuza mzito kuliko wengi wa enzi ile, na ngoma akapiga Clem Burke wa bendi ya Blondie. Haikuuza. Ya pili ndiyo hii yenye jina la wimbo huo, iliyotoka Januari 1983. Ilifika namba 3 Uingereza, na Septemba mwaka huohuo wimbo wenyewe ukakaa namba 1 Marekani. Wanaosema walilala maskini wakaamka matajiri wahesabu vizuri: ilikuwa singo ya nne kutoka albamu hiyo. "This Is the House" na "The Walk" zilipita kimya mwaka 1982. "Love Is a Stranger" nayo ilipita hivyohivyo, hadi ilipotolewa tena baada ya "Sweet Dreams" kuvuma.

Sasa twende kwenye mashine, maana hapo ndipo ninapoumia.

Baada ya albamu ya kwanza kuanguka, Stewart alikopa benki, wakanunua vifaa vyao na kuvipandisha kwenye chumba kilichokuwa juu ya karakana ya kutengeneza fremu za picha, Chalk Farm, London. Ilikuwa studio ndogo ya nyumbani, yenye rekoda ya utepe ya traki 8, yaani nafasi nane tu za kurekodi sauti. Adam Williams, aliyewahi kupiga besi kwenye bendi ya The Selecter, ndiye aliyewapa mwanga wa namna ya kuitumia, na jina lake limo kwenye orodha ya maprodyuza.

Traki 8. Kijana wangu alifungua mradi wake wa wimbo mmoja umeme uliporudi, nikahesabu traki 64, na kumi na moja kati yake zilikuwa za mlio wa kupiga makofi peke yake. Ukiwa na 8 huna nafasi hiyo. Ngoma inachukua yake, besi yake, vinanda vyao, halafu sauti ya Lennox inataka nafasi ya mbele, na sauti zake nyingine za kujiitikia zinataka za nyuma. Zikijaa, unachanganya tatu nne ziwe moja, unafuta za mwanzo, unasonga mbele. Ukishafuta, umefuta. Kama kinanda kilikuwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kitabaki juu hadi Kiyama. Mtu anayefanya kazi hivyo anasikiliza kwa namna ambayo mimi na wewe tumeisahau, kwa sababu hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Mashine ya ngoma ilikuwa Movement, kompyuta ya ngoma ya Kiingereza, ya zama ambazo chombo cha aina hiyo kilikuwa bado kichanga na kigumu kukizoea. Kisa cha kuzaliwa kwa "Sweet Dreams" wamekisimulia wote wawili mara nyingi. Siku ile Lennox alikuwa amekata tamaa kabisa, amejikunja sakafuni, anaona hakuna kinachokwenda. Stewart alikuwa anahangaika na mashine. Mara ikatoka biti, na juu yake mlio mzito wa sintesaiza, kinanda cha umeme. Lennox akainuka, akaenda kwenye kinanda kingine, akaanza kupiga na yeye. Mistari ile miwili ikashikana.

Rudieni sentensi hiyo ya mwisho. Kinachokukamata kwenye wimbo huu ukisikia sekunde ya kwanza ni mistari miwili inayosukumana. Wa kwanza umefungwa kwenye mashine. Wa pili unatoka kwenye vidole vya mtu aliyekuwa analia ndani kwa ndani dakika chache kabla. Vaa hedfoni uache kusikiliza kwa spika ya simu: sauti hizo mbili hazigandi pamoja kama gundi. Moja ina meno, nyingine ina mwili. Zinakutana kwenye noti, zinaachana kidogo, zinakutana tena.

Niliwahi kuujenga upya muziki huo mwenyewe ili nielewe. Wimbo uko kwenye C mdogo, unatembea kwenda A flati, unapita G, unarudi. Mtoto wa kinanda wa mwezi wa pili anaweza. Nikaandika noti zote kwenye programu, nikaziacha zivutwe na gridi, yaani mistari ya kupimia mapigo kwenye programu, zikae sawasawa, kila moja kwenye mstari wake. Ikatoka kama kengele ya simu ya kukuamsha asubuhi. Noti zilezile, kasi ileile, na imekufa. Nikafuta mstari mmoja, nikaupiga kwa mkono. Mara ya kwanza ovyo, ya pili ovyo, ya tano ikaanza kupumua. Basi. Nimewasimulia watu jambo hilo mara nyingi, na bado wananiuliza nilitumia programu gani.

Tena jina lao lenyewe linasema. Limetoka kwenye mbinu ya Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi aliyefundisha mapigo kwa kuchezesha mwili: unatembea mdundo kwanza, unausoma baadaye. Lennox alikutana na mbinu hiyo utotoni. Baadaye akasomea filimbi Royal Academy of Music, London. Mtu wa filimbi anajua pumzi inaishia wapi, na kwenye albamu hii unasikia anavyoikata sentensi na kuacha ukimya ufanye kazi yake. Mkimwita mwanamke huyo dada wa kubonyeza vitufe, mtanisamehe, ila hamkusikiliza.

Na mashine haikuenda nje kurekodi treni. "This City Never Sleeps", wimbo wa kufunga albamu, una sauti za treni za chini ya ardhi za London. "The Walk" ina tarumbeta. "Wrap It Up" ni wimbo wa soul wa Isaac Hayes na David Porter, ulioimbwa kwanza na Sam & Dave, na humu Lennox anaimba na Green Gartside wa bendi ya Scritti Politti. Watu walioleta hayo yote kwenye traki 8 walikuwa na masikio ya soul ndani ya vyuma.

Kuna jambo moja lazima nilikiri. Miaka mingi nimefundisha vijana kwamba uhaba ndio uliozaa albamu hii: chumba kidogo, traki chache, mkopo wa benki shingoni. Inapendeza kuisema. Siku hizi nasitasita. Mwaka huohuo wa 1983, Novemba, walitoa albamu ya Touch wakiwa na studio nzuri zaidi kanisani Crouch End, London, na fedha mkononi, na Touch ikapanda hadi namba 1 Uingereza. Kama ni uhaba, ile imetoka wapi? Na nimewajua watu wengi wenye uhaba mkubwa kuliko huo ambao hawakutoa kitu. Naona chumba kile kiliwapa jambo lingine, yaani saa nyingi bila kulipia studio ya mtu, wakakosea mpaka wakachoka kukosea. Lakini hilo nalisema kwa kuhisi, siwezi kulithibitisha. Wala sitasema albamu yote ni dhahabu. Ngoma za "Somebody Told Me" kwangu mimi zimechuja.

Turudi kwa kijana. Nilimwambia asikilize tena pale katikati, Lennox anapoanza kuhimiza watu wainue vichwa. Kuna milio midogo ya kioo inayojibu. "Hiyo ni sauti gani ya kinanda?" akauliza. Ni chupa za maziwa. Walizitia maji mpaka zikatoa noti walizozitaka, wakazigonga.

Hakuamini. Nikamtuma dukani akaleta chupa nne tupu za soda, za kioo. Akaanza kumimina, na kosa alilofanya ni lile ambalo kila mtu hulifanya: alitaka noti ipande, akaongeza maji. Ikashuka. Akaniangalia kama nimemfanyia kiinimacho. Chupa ukiipuliza mdomoni, maji yakiongezeka sauti inapanda, kwa sababu kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu. Ukiigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yaliyomo, na kikiwa kizito kinatetemeka polepole. Akamwaga, akaongeza kwa kijiko, akagonga kwa kalamu, akasikiliza kinanda, akagonga tena. Ili kutoka noti moja hadi nusu noti ya chini yake alitumia maji kidogo kuliko nilivyodhani mimi mwenyewe. Saa nzima ikaisha kwa noti tatu, na ya tatu bado ilikuwa chini kidogo.

Nikaweka maiki. Akagonga chupa zake juu ya biti yake ya dakika tano, mkono wake ukichelewa hapa na kuwahi pale. Tulipomaliza, kidole chake kikaenda chenyewe kwenye amri ya kuzinyoosha noti zikae kwenye gridi. Akasita. Akaturudishia mwanzo, tukasikiliza mara mbili bila kusema, kisha akaufunga mradi vilevile ulivyo na kuniuliza kama chupa naweza kumtunzia mpaka Jumamosi bila kumwaga maji.